Mashua Iliyoshonwa Kama Mkeka

Mkunga wetu alikuwa na mikono isiyojua kupumzika. Kanisani, mhubiri akiwa katikati ya sala ndefu, vidole vyake vilikuwa vikisuka ukindu ndani ya kikapu alichokiweka miguuni, na mhubiri alishazoea kujifanya haoni, kwa sababu watoto wake wote watano walipokewa na mikono hiyohiyo. Alisuka akitembea kwenda shambani. Alisuka akigombana na mtu. Mara moja nilimkuta anasuka huku analia, amefiwa na dada yake, na ule mkeka aliusuka vizuri kuliko yote niliyowahi kuiona. Aliuuza Garsen wiki hiyohiyo, akasema hataki kuulalia.

Nilimjua miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote sikumwita kwa jina wala sikumsikia mtu akimwita kwa jina. Wapokomo wa kijiji chake cha Hewani walimwita Mkunga. Waorma wa malishoni walimwita Mama Mkunga. Wenye maduka Garsen, ambao hawakuwa na subira, walimwita Mama tu. Mwenyewe alipenda hivyo. Alisema mwanamume anayekuja mbio kumwita mkunga hana muda wa majina, na akianza kuyatafuta, mtoto atazaliwa yeye bado yuko mlangoni anaumauma midomo.

Alikuwa na neno moja alilolitumia kwa kila jambo: pumua kwanza. Aliwaambia wenye uchungu, aliwaambia waume zao, na siku moja alimwambia mzee wa kijiji aliyefika kwake akifoka kwamba mbuzi wa mkunga wamemaliza mihogo yake. "Pumua kwanza, mzee," akamwambia, huku akimsogezea kigoda. Mzee akapumua. Alipomaliza akawa amesahau nusu ya hasira yake, akapewa ndizi za kuchemsha na samaki, akala, akaondoka akisema mbuzi wenyewe si wabaya. Mimi nilikuwepo, nikabana kicheko mpaka mbavu zikaniuma.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Ukija kumwona mzazi aliyelala kwake, ilikubidi unawe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, naye amesimama pale anakuhesabia vidole. Lakini kuku wake mmoja alitaga kwenye kitanda chake, na mkunga alilala pembeni wiki tatu nzima ili asimsumbue. Aliwakataza wajawazito kubeba kuni, halafu ungemwona yeye na umri wake, na mzigo wa kuni kichwani, anapanda kingo za mto. Alichukia umbeya. Ukianza kumsimulia habari za mtu alikukaripia vikali, akageuza uso, kisha akauliza, "Enhe, halafu ikawaje?"

Kitu kimoja hatukukifikiria sana zamani zile. Wakati mto umejaa, wajawazito ndio waliomfuata yeye, si yeye aliyewafuata. Walivushwa na waume zao mapema, wakakaa kwake wakingojea siku. Tulichukulia kuwa ni heshima yake. Mtu mwenye ujuzi kama ule, tulisema, hukaa kwake akafuatwa.

Sasa niseme habari ya mashua, maana nikifika hapo moyo hunidunda kama wa mwari, nami ni bibi wa watu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa mke mgeni ng'ambo ya pili ya mto Tana, mkabala na Hewani. Mtoto wangu wa kwanza alikuja kabla ya siku zake, mto umejaa. Mume wangu alivuka na mtumbwi kwenda kumwita mkunga, akarudi peke yake. Alisema amekuta nyumba imefungwa, mkunga ameitwa upande wa Tarasaa. Mama mkwe na majirani walifanya walichokijua. Mtoto alitoka kitovu kimemzunguka shingoni, na hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya kwa haraka ile. Alikuwa msichana. Nililia mpaka sauti ikaniisha, na hapo sitaongeza neno.

Maji yalipopungua, mpaka watu wakawa wanavuka kwa miguu juu ya mchanga, mkunga alikuja kunipa pole. Aliketi kando yangu mchana kutwa. Hakusema maneno yale ambayo watu husema. Jua lilipogeuka alisimama, akakung'uta leso yake, akaniambia, "Kesho uje kwangu. Lete sindano yako ya mikeka."

Nilidhani anataka kunipa kazi ya mikono ili nisiwaze. Nilipofika uani kwake nikakuta rundo la masanduku ya mbao, yale yanayoletewa bidhaa madukani: ya sabuni, ya majani ya chai, ya misumari, maandishi ya rangi bado yako ubavuni. Alikuwa ameyaomba Garsen duka kwa duka, akayabeba kichwani safari baada ya safari.

"Tunashona nini, Mama?" nikamuuliza.

"Mashua."

Nilimtazama nikidhani huzuni ya kwangu imempata na yeye. Hakujali. Aliutandika mkeka uliokuwa haujaisha, akapiga magoti, akaniita nipige magoti kama yeye.

"Mkeka unaanza na nini?"

"Na ukili," nikasema. Kila mwanamke wa kwetu anajua: unasuka ukindu uwe utepe mrefu mwembamba, ndio ukili, kisha unashona ukili kwa ukili, ukingo kwa ukingo, mpaka upana unatosha mtu kulala.

"Ukili mmoja unaweza kukubeba?"

"Hauwezi."

"Na ukishonwa pamoja na wenzake?"

Nilikuwa nimeshaanza kuiona. Nakwambia kweli, niliiona pale pale, juu ya ule mkeka, mashua nzima, na kwa mara ya kwanza tangu nimzike binti yangu nilisikia njaa.

Wazo lake lilikuwa hivi. Zile mbao za masanduku ni nyepesi na nyembamba. Tukizipasua ziwe pao za upana wa vidole viwili, tukaziunga ncha kwa ncha, tutapata tepe ndefu za mbao. Chini tutaweka mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, kwa boriti ya mkoko iliyoletwa kutoka Kipini. Juu ya mkuku tutafunga mbavu, ambazo mafundi huziita mataruma, kwa fito mbichi za mkole, mti unaopinda bila kuvunjika. Halafu tutazishona zile pao juu ya mbavu, moja juu ya nyingine, ukingo kwa ukingo, kwa kamba nyembamba ya makumbi ya nazi. Alitaka iwe nyepesi kiasi cha kuburutwa na mwanamke mmoja, na pana. Hilo la upana alilirudia kila siku. Akipima kwa mikono yake, kesho alipima tena na kuongeza shibiri.

Huko kwetu mtumbwi huchongwa na wanaume, porini, kutoka kwenye gogo moja, na mwanamke huuona ukishaburutwa mpaka majini. Kwa hiyo haikupita wiki kabla mzee mchonga mitumbwi hajatokea uani. Huyu alikuwa fundi hasa. Nusu ya mitumbwi ya upande ule ilitoka kwenye tezo lake la kuchongea. Alizunguka mbavu zetu mara mbili, mikono nyuma.

"Mkunga, mtumbwi si kazi ya wanawake."

"Na mimi sichongi mtumbwi, mzee. Umeona tezo hapa? Mimi nashona. Kushona ni kazi ya nani?"

 Mzee akatazama upana wa kile chombo. "Hii si mashua. Hii ni sinia."

"Basi nitapakuliwa wali humo," mkunga akasema, hakuinua hata kichwa. Mimi ilibidi nijifiche nyuma ya nyumba nicheke.

Kila mtu alikuwa na la kusema. Mchungaji mmoja wa Kiorma, mtu mrefu aliyekuja kunywesha ng'ombe, alisimama amejiegemeza kwenye mkuki wake akatutazama muda mrefu. Mwishowe akauliza, "Mama Mkunga, hii yako ni mashua ama ni kikapu?"

"Ni kikapu cha kubebea mkunga."

"Aa. Kama iko ya mkunga, nakuja." Akaondoka. Kesho yake akarudi na samli kwenye kibuyu, ya kulainishia kamba zetu zisikatike. Alikuwa na wake wawili, na mmoja alikuwa mzito.

Fundi wa shule ya misheni alituazima msumeno mdogo na kekee ya kutobolea. Nilijifunza kupasua mbao mimi, ambaye nyumbani kwetu sikuwahi kushika hata nyundo. Mara ya kwanza pao ilitoka imepinda kama mkia wa mbwa. Ya ishirini ilitoka imenyooka, nikaikimbiza kwa mkunga kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka. Aliipitisha kwenye mdomo, akahisi ukingo kwa ulimi, akasema, "Hii bado inakwaruza upande huu." Nilirudi nikalainisha. Maji yaliporudi mtoni, mume wangu alinivusha asubuhi na kunifuata jioni, wala hakuuliza kwa nini mke wake ana unga wa mbao kwenye nywele. Wakati mwingine alisimama akaitazama mashua, akamtazama mkunga, akaondoka bila neno. Nilidhani anaona haya.

Na tukakosea, tena kosa ambalo wangeweza kulikosea wasusi wa mikeka peke yao. Ukindu haushonwi mkavu, utakatika. Unaulowesha kwanza, unaushona ungali laini, halafu unakaza wenyewe ukikauka. Hilo tumelijua tangu utoto, vidole vyetu vinalijua kabla ya akili. Kwa hiyo tulizilowesha zile pao usiku na mchana ili zipinde juu ya mbavu, na zilipokubali kupinda tukazishona hapo hapo, zimelowa, tunavuta kamba kwa nguvu zetu zote, tunaimba. Mwezi mzima. Tulifika juu, tukafunga fundo la mwisho, mkunga akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Tukaiacha juani.

Siku ya nne mzee mchongaji alipita. Akainama, akaingiza kidole chake kati ya pao na pao, kidole kikatokea ndani, akakichezesha.

"Mkunga," akasema, "hapa hutahitaji wavu. Samaki wataingia wenyewe."

Tulikwenda kuangalia. Mbao zilikuwa zimekauka na kusinyaa, na kila mshono ulikuwa umeachia mwanga. Ungeweza kusimama upande huu ukahesabu kuku wa upande wa pili. Nilikaa chini mchangani nikashika kichwa. Mkunga akaenda ndani, akarudi na ndizi, akaila yote akiitazama mashua.

"Tumeishona kama mkeka," akasema. "Na mkeka hauendi kuoga."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu za mashua asianguke, nami nikacheka, na mzee mchongaji, aliyekuja kutucheka, akaona tumemtangulia. Ndipo alipoketi. Nadhani ni kile kicheko kilichomshinda. Akatueleza jambo ambalo alilijua tangu mwanzo na alikuwa amelificha kwa makusudi: ubao ukilowa unanenepa, ukikauka unakonda. Shoneni umekonda, akasema, uende kunenepea majini. Utajibana wenyewe. Na pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa, msiisindilie sana, acheni nafasi ya ubao kunenepa, la sivyo utakata kamba zenu.

Tukafumua yote. Mwezi mzima wa kazi, fundo kwa fundo. Tuliziacha pao zikauke zikiwa zimefungwa juu ya mbavu ili zishike umbo, tukazilainisha kingo upya, tukaanza tena kutoka chini.

Na mimi katikati ya kufumua nikashika mimba. Mkunga alijua kabla yangu. Alinitazama ninavyoshika sindano, akaniambia niinuke nikae kivulini. Nilipomuuliza kuna nini, akasema, "Sasa tuna siku maalumu." Akahesabu miezi kwa vidole, akahesabu mvua, na nikaona uso wake umebadilika. Miezi yangu ingeishia masika, mto ukiwa umejaa. Alitaka nihamie kwake mapema. Mama mkwe alikataa katakata. Alishikilia kwamba mtoto wa nyumba ile atazaliwa ndani ya nyumba ile, na baada ya yaliyotokea mwanzo, hakuna aliyekuwa na ubavu wa kubishana naye. Hivyo mashua ilikuwa lazima imalizike. Kila mtu alijua ni ya nini na ni ya nani.

Ah, miezi ile! Nikisema nilikuwa na furaha watu hushangaa, maana nilikuwa na hofu kila siku. Lakini nilikuwa nayo yote mawili, tele. Wanawake wa Hewani walianza kuja, mmoja mmoja, kila mmoja na sindano yake. Huyu anatoboa, yule anapitisha kamba, yule anachambua pamba na kuichovya kwenye mafuta ya simsim. Mke mkubwa wa yule Muorma alikuja na maziwa, akakaa, akajifunza mshono kwa siku moja. Tulizungumza Kiswahili chetu cha kuungaunga, Kipokomo huku, Kiorma kule, na tulielewana vizuri mno, hasa tulipokuwa tunawasema waume. Mkunga alipita nyuma yetu akivuta kila fundo. Lililolegea alilikata kwa kisu bila kuuliza ni la nani. Alikata mengi ya kwangu.

Mwisho tulipaka lami kwa nje, tuliyopewa na watu wanaotengeneza barabara ndani ya debe la mafuta ya taa. Mzee mchongaji akaleta makasia mawili aliyoyachonga mwenyewe. Aliyaweka chini, akasema yalikuwa yamemzidi tu nyumbani, akaondoka haraka.

Tuliishusha kwenye maji yaliyotuama nyuma ya kijiji. Ilianza kuvuja, kama mzee alivyosema, na watu wakaanza kunung'unika. Mkunga akaingia peke yake, akaketi katikati kabisa, kata mkononi, akawa anayateka maji na kuyamwaga. Jasho lilimtiririka usoni kama aliyemwagiwa. Alikuwa akisogeza midomo. Taratibu ile mashua ikanenepa, nyufa zikajibana, na kabla ya adhuhuri kata ikawa inakwangua mbao kavu. Mtu alipiga kigelegele, kisha ikawa kelele tupu. Ile mashua haikuyumba. Vijana wawili walisimama upande mmoja kuijaribu, ikainama kidogo, ikakaa. Mzee mchongaji alitikisa kichwa, akamwambia jirani yake kwamba sinia nalo lina faida.

Mto ulijaa mapema mwaka ule. Uchungu ulinishika asubuhi, na kufikia mchana nilijua mambo hayaendi sawa. Mume wangu alikwenda ukingoni akapiga debe, ndiyo alama waliyopatana. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawia, yanabeba migomba mizima na mizizi yake. Yeye ndiye aliyenisimulia baadaye. Anasema mkunga alitokea ng'ambo, mashua anaiburuta mwenyewe kwa kamba, akaipandisha mbali sana juu ya mkondo, akasimama kando yake. Alisimama muda mrefu. Mume wangu alipiga debe tena. Ndipo akaingia, akaketi, akaanza kupiga kasia na kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa. Mimi niliusikia wimbo ule nikiwa ndani. Niliusikia unateremka na mkondo, unakaribia, na nikamwambia mama mkwe, "Anakuja. Sikiliza. Anakuja."

Aliingia amelowa mpaka kiunoni, meno yanagongana. Akanawa kwa sabuni mpaka viwiko. Akanishika tumbo kwa mikono ile, akafikiri.

"Huyu anatanguliza miguu," akasema. "Ana haraka ya kwenda mahali. Pumua kwanza, mwanangu."

Nilipumua. Sitasimulia yaliyofuata, wanawake wanayajua na wanaume hawayahitaji. Kabla jua halijazama mwanangu wa kiume alilia, akalia kwa nguvu, na mume wangu nje ya mlango akalia zaidi yake. Nilicheka. Nilikuwa nimechanika, nimechoka, na nilicheka kama mwendawazimu, na mkunga naye alikuwa ameketi sakafuni amejiegemeza ukutani, anacheka machozi yakimtoka.

Tangu siku hiyo hakungojea kufuatwa. Miaka na miaka ile mashua ilivuka kwenda na kurudi, Hewani, ng'ambo, mashambani, mpaka kwa Waorma mto ulipofurika malishoni. Pao moja ikioza, tuliifumua peke yake tukatia nyingine, kama unavyotia kiraka, hata mwishoni sidhani ilibaki pao moja ya yale masanduku ya kwanza. Watoto waliovukiwa kwa mashua ile siwezi kuwahesabu. Ilipochoka kabisa aliigeuza juu chini uani, na kuku wake wakahamia.

Siku moja, miaka ishirini na zaidi baada ya hayo, nilikwenda kumwona. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mwanangu alinivusha, akabaki ukingoni anateka maji kwenye mtumbwi. Mkunga alikuwa ameketi mlangoni, macho yamefifia, lakini alinijua kwa hatua. Tuliulizana hali, tukawasema watu kidogo. Halafu akaweka ukindu wake chini.

"Siku ile sikuwa Tarasaa," akasema.

Nikamuuliza siku gani, ingawa nilishajua.

"Siku ya msichana wako. Nilikuwa hapa. Mumeo alikuja na mtumbwi. Nikatia mguu mmoja, ukayumba, nikautoa. Akanisihi. Nikatia tena, nikautoa tena. Sijui kuogelea, mwanangu. Nimeuogopa mto huu maisha yangu yote. Nikamwambia atangulie, nitatafuta chombo kikubwa nije. Kikubwa hakikuwapo, na nilijua hakipo."

 Miaka yote ile, na uchungu ukaja mbichi kana kwamba nimemzika binti yangu jana.

"Mume wangu alijua?"

"Alijua. Nilimwomba mara tatu akwambie, au aniache nikwambie mimi. Alikataa. Alisema akikwambia hutaniruhusu nikuguse tena, na mkunga mwingine hayupo." Akageuza uso upande niliokuwa. "Sasa hayupo wa kunizuia. Niambie kweli. Ungeniruhusu?"

Kutoka pale mlangoni nilimwona mwanangu, mtu mzima, mgongo wazi, anamwaga maji kwa kata huku anapiga mluzi.

"Nisingekuruhusu," nikasema. "Ningekufukuza."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Umenichukia?"

"Leo nimekuchukia, Mama," nikamwambia. Niliinuka, nikajifunga leso, nikateremka kwa mwanangu, tukavuka.

Kesho yake mto ulikuwa umeongezeka. Nilipika uji, nikaufunika, nikamwambia mwanangu anivushe.